Taa ya mimea kwenye kona isiyo na jua: nilikokosea na nilikorekebisha

6 Januari

Naanza kuandika leo kabla sijasahau, maana kichwa changu kwa mambo madogomadogo ni cha kuku. Mradi wenyewe: shelfu moja, urefu sentimita 90, upana 40, iko ndani kabisa mbali na dirisha, nataka ibebe miche ya nyanya, pilipili, letasi na mrehani. Pembeni kuna pothosi na kalankoe, mimea ya mapambo, hizo zina muda hapo, zinavumilia tu. Dirisha lipo ila linatazama ukuta. Nimepima kwa simu (kuna programu za bure zinazotumia kile kisensa cha mwanga kilicho juu ya kioo cha simu), mchana mweupe pale shelfuni napata laksi 600 (laksi ni kipimo cha mwanga unaotua mahali). Ukiingia chumbani unaona kuna mwanga safi tu, unasoma gazeti bila shida, kumbe nje jua la saa sita linafika laksi 100,000 hivi. Macho yanatudanganya sana aisee, gizani mboni inajifungua yenyewe we unaona kawaida. Jani halina mboni.

11 Januari

Taa imepatikana. Boksi limeandikwa WATI 1000 kwa herufi za kuonekana toka mbali, rangi ni ile zambarau, nyekundu na bluu zimechanganywa. Sikuuliza maswali. Nilisoma juujuu kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inafyonza zaidi bluu na nyekundu nikasema basi hiyo ndo yenyewe, kijani cha nini wakati jani linakirudisha ndo maana tunaliona kijani? Nimeining'iniza sentimita 45 juu ya trei, mbegu zimeingia, taima masaa 12, kazi imeisha jioni moja. Dada yangu kapita mlangoni kachungulia, "We, umefungua disko humu?"

29 Januari

Mbegu ziliota vizuri tu, shida imekuja baadaye. Miche imekuwa mirefu myembamba kama uzi wa kushonea, inalala, na letasi ndo imezidi. Nikadhani ni maji mengi, nikapunguza, ikaanza kunyauka juu ya kulala. Nikadhani ni joto, nikaweka feni. Nikaongeza masaa kutoka 12 hadi 16. Wiki mbili nzima nahangaika na vitu ambavyo si tatizo, wakati dalili ziko wazi kabisa: nafasi kati ya jani na jani kubwa, shina jembamba, majani madogo yamepauka, mche unajivuta kwenda juu. Huo unatafuta mwanga, wala huhitaji kupiga ramli. Ila mi nilikuwa nimeshaliamini boksi. Wati 1000 mwanga utakuwaje haba?

3 Februari

Nimeazima mita ya wati kwa fundi umeme, ile unaichomeka kwenye soketi halafu kifaa unakichomeka juu yake. Imesoma 22. Nikachomoa nikarudishia, 22 tena. Nikampigia fundi nikamwambia mita yako imeharibika, akacheka akaniambia, "Mita nzima hiyo bosi, chomeka pasi uone." Nikachomeka pasi, 1100 na ushee.

Yaani nimepigwa mchana kweupe. Na jibu lilikuwa mkononi mwangu siku zote, pasi ya wati 1000 hushiki, hii taa mgongo wake ni vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahaulika, ningefikiria dakika moja tu ningejua. Hiyo 1000 ya kwenye boksi ni namba ya biashara: wengine wanajumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila kibalbu kimoja kimoja ingawa hakiendeshwi hivyo, wengine wanakwambia "inalingana na" taa fulani ya zamani. Namba ya kuangalia ni wati zinazovutwa kutoka ukutani, mara nyingi imefichwa nyuma kwenye kistika kidogo au kwenye adapta.

Halafu hilo la zambarau. Nimesoma vizuri sasa. Kwamba jani halitumii kijani ni nusu ukweli, vipimo vya tangu miaka ya 1970 vilishaonyesha majani yanatumia mwanga wote wa kati ya nanomita 400 na 700 (urefu wa mawimbi ya mwanga, toka bluu hadi nyekundu), kijani kikiwemo, na kijani kina faida yake kwamba kinapenya ndani zaidi ya jani na kufikia majani ya chini ambayo nyekundu na bluu zimeshaishia juu. Mimea chini ya zambarau inakua, sisemi haikui, ukiwa na zambarau ya nguvu ya kweli utavuna. Kinachoniudhi mimi ni kingine, chini ya taa ile kila jani linaonekana jeusi, huoni umanjano, huoni wadudu, mche unaumwa wewe unapita tu.

Hasara mpaka leo: trei mbili za miche, wiki tatu na ushee, na theluthi ya hela niliyotenga kwa mradi mzima. Taa ile ya wati 22 kwa masaa 16 inakula uniti 0.35 kwa siku, yaani kama uniti 10 na nusu kwa mwezi, kwa ajili ya kurefusha nyuzi.

10 Februari

Kuchagua taa ya pili. Safari hii nimekaa wiki nzima sijanunua kitu, nasoma tu, na hapa nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu ndo sehemu ningependa mtu akaniambia mapema.

Lumeni na laksi ni vipimo vya jicho la binadamu. Jicho letu linaona kijani-njano, kwenye nanomita 555 hivi, kuliko rangi nyingine, kwa hiyo taa inaweza kuwa na lumeni nyingi ikatufurahisha sisi. Mmea wenyewe unahesabu chembe za mwanga, fotoni, zinazotua juu ya jani kila sekunde, na kipimo chake kinaitwa PPFD, ni maikromoli (kizio cha kuhesabia fotoni, milioni moja zinafanya moli moja) kwa mita mraba kwa sekunde. Ukizidisha hiyo kwa masaa unapata jumla ya siku nzima, wanaiita DLI, inahesabiwa kwa moli. Hesabu yake rahisi: PPFD mara masaa mara 0.0036. Mfano 100 kwa masaa 12 ni moli 4.3. Sasa mahitaji, kwa makadirio: mimea ya majani ya kivulini kama pothosi inaridhika na moli 2 hadi 6, letasi inataka kama 12 hadi 17, nyanya inaanza kufurahi ukifika 20 na kuendelea. Ile kona yangu ya laksi 600 nikigeuza (mwanga wa jua gawanya kwa 54) ni PPFD 11, hata ikikaa hivyo masaa 11 ni moli 0.4. Sifuri nukta nne! Na mi nilikuwa nasubiri nyanya.

Kitu cha pili ni ufanisi, yaani taa inatoa maikromoli ngapi kwa kila juli ya umeme. Taa nzuri za LED siku hizi zinatoa 2.5 hadi 3, za hovyo ziko kwenye 1 na kidogo. Muuzaji asiyeandika hiyo namba wala kuonyesha ramani ya PPFD (ule mchoro wa miraba yenye namba ukionyesha mwanga ulivyosambaa kwa umbali fulani) mi nampita. Anaweza kuwa mwaminifu ila siwezi kununua mbuzi kwenye gunia mara mbili kwa mwezi mmoja.

Rangi nimechagua nyeupe ya kelvini 4000 (kelvini hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea bluu). Ya 6500 ina bluu nyingi, inafanya mche uwe mfupi mnene, ni nzuri kwa miche, ya 3000 ina nyekundu zaidi, 4000 iko katikati na naweza kukaa nayo chumbani bila kichwa kuuma. Na umbo: shelfu yangu ni ndefu, kwa hiyo sitaki taa ya duara inayomwaga kila kitu katikati, nimetaka za fimbo, mbili, urefu karibu sawa na shelfu. Wati 40 za kweli kwa zote mbili, ufanisi umeandikwa 2.5. Hapo nikapiga hesabu kabla ya kulipa: 40 mara 2.5 ni maikromoli 100 kwa sekunde, shelfu ni mita mraba 0.36, gawanya unapata 278. Hiyo ni kama kila fotoni itatua shelfuni, kitu ambacho hakipo, zingine zinaenda ukutani na sakafuni, kwa hiyo nikategemea 200 hivi. Letasi na mrehani sawa. Nyanya bado nikajipa moyo tu.

15 Februari

Zimefungwa. Minyororo miwili yenye ndoano ili niweze kupandisha na kushusha. Waya wa umeme nimeuacha uning'inie chini ya kiwango cha soketi kwanza ndo upande, maji yakiteleza kwenye waya yadondoke chini yasiingie kwenye soketi. Adapta nimeitoa juu ya shelfu, ilikuwa inakaa palepale napopulizia maji, ujinga mtupu. Mbegu mpya, trei mpya.

24 Februari

Nimeunguza. Miche iko sawa, ila kwa furaha ya taa mpya niliishusha hadi sentimita 12 toka juu ya majani, nikasahau kwamba pothosi inatambaa hadi kwenye nguzo ya shelfu na matawi yake yako karibu na taa kuliko hata trei. Siku nne tu majani ya juu yamekuwa meupe-njano katikati, mengine yamejikunja kingo kwenda juu. Nikagusa, hayana joto. Hapo ndo nimeelewa kuunguza kwa LED siyo lazima liwe joto, ni mwanga umezidi uwezo wa jani, mmea uliozoea PPFD 11 umeamka asubuhi uko kwenye mia tatu na kitu. Jani lililopauka hivyo halirudi kijani, nimeyakata sita.

Nilichofanya: pothosi nimeishusha rafu ya chini kabisa inapata makombo tu ya mwanga, inatosha. Na miche inayofuata naianzia sentimita 35, nashusha 5 kila baada ya siku tatu nne mpaka 20. Mwanga unauzoesha mmea pole pole, kama mtu aliyetoka gizani.

2 Machi

Leo nimepima umbali kwa utaratibu. Simu kwenye trei, kikaratasi cheupe juu ya kisensa ili mwanga usiingie kwa upande mmoja (kisensa kinasoma pungufu, kwa hiyo nilisoma kwanza bila karatasi na kisha nayo nikapata uwiano). Kwa LED nyeupe unagawanya laksi kwa 67 hivi unapata PPFD ya makadirio. Kwa ile zambarau hesabu hii haifanyi kazi kabisa, usijaribu, laksi inaidharau nyekundu na bluu.

Katikati ya shelfu: sentimita 45 laksi 5,200, yaani PPFD 78. Sentimita 20 laksi 16,000, yaani 240. Sentimita 12 laksi 24,000, yaani 358. Ile kanuni kwamba umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unashuka hadi robo ni ya taa ya nukta moja, fimbo ndefu hazishuki kwa kasi hiyo ukiwa karibu, ila ona bado, kwa kuinua taa toka 20 hadi 45 nimepoteza theluthi mbili ya mwanga na umeme ninaolipa ni uleule. Kama ungeniuliza nibadili kitu kimoja tu kwenye mradi wako ningekuja na rula.

Kwenye kingo ilikuwa mbaya, 130 tu. Nikajaribu karatasi ya foili pembeni, imeleta mng'ao wa kuchoma macho na namba imepanda kidogo sana na kwa mabakamabaka. Nikatoa nikaweka kadibodi nyeupe pande tatu, kingo zikafika 170. Kadibodi za boksi za taa hizohizo, gharama hamna. Ile ya WATI 1000 nimeigeuza ndani nje, angalau imefanya kazi ya maana.

Trei nazizungusha kila Jumapili, za pembeni zinaingia kati.

20 Machi

Tamaa. Letasi inakwenda vizuri mno, mrehani umeota matawi baada ya kuukata kichwa, nikasema kama masaa 14 yanatoa hivi masaa 24 yatatoaje. Nikachomoa taima. Siku ya kumi nyanya zimeanza mabaka ya njano katikati ya mishipa ya jani, jani gumu linakunjika. Nikafikiria magnesiamu imepungua, nikaweka chumvi ya magnesiamu, hakuna kitu. Baadaye ndo nasoma kwamba nyanya ni maarufu kwa hilo, mwanga usiokatika unaiumiza, inahitaji giza kila siku. Letasi haikulalamika lakini kwa faida gani, uniti zimepanda toka 0.56 kwa siku hadi 0.96.

Taima imerudi: masaa 14 yamewaka, 10 giza. 240 mara 14 mara 0.0036 ni moli 12 kamili, mlango wa letasi.

4 Aprili

Fupi. Umeme ulikatika masaa matatu juzi, taima yangu ni ile ya kuzunguka yenye vijino, kumbe na yenyewe inasimama umeme ukikatika kisha inaendelea ilipoishia. Taa sasa inazima saa sita usiku badala ya saa tatu, mi sikuona kwa sababu nalala mapema. Nimenunua ya kidijitali yenye betri ndani. Nimeangalia mara mbili asubuhi na jioni isije ikawa nimegeuza AM na PM, hilo nalijua toka kwenye mradi mwingine sitaki kuusimulia.

Pia udongo umeota ukijani juu, mwani. Mwanga na unyevu vikikutana juu ya udongo ndo kazi yake. Mmea haudhuriki ila vijinzi vidogo vinapenda unyevu huo. Nimeacha kupuliza juu, namwaga maji kwenye sahani ya chini trei inafyonza yenyewe, na juu nimetandaza mchanga mkavu. Wiki mbili vijinzi vimekwisha.

28 Aprili

Kalankoe. Imenenepa, majani yanang'aa, haijatoa hata ua moja toka Februari. Nilikuwa najisifu imependa taa. Sasa huu ni mmea wa usiku mrefu, ili utoe maua unataka giza la masaa kama 14 mfululizo kwa wiki sita hivi, mi nikawa naupa masaa 10. Umeshiba lakini haujui kama msimu umefika. Hata taa ya chumbani ikiwaka katikati ya usiku inaweza kuvuruga hesabu yake. Sina shelfu nyingine, kwa hiyo kila saa kumi na moja jioni naufunika na boksi na saa moja asubuhi naufunua. Dada ameshaniuliza kama nafuga kuku.

19 Mei

Hesabu ya miezi minne na kidogo, bila kujificha.

Letasi: nimekata mara mbili, inarudi. Mrehani: umejaa, nautumia kila wiki. Pilipili: fupi, shina nene, moja imetoa maua saba, nayatikisa kwa kidole asubuhi kwa kuwa ndani hakuna upepo wala nyuki, mawili yameshika. Kalankoe: wiki ya tatu kwenye boksi, naona vitu vidogo vya kijani juu ambavyo huenda ni vikonyo vya maua, sigusi. Pothosi ina majani mapya ila makovu yapo.

Nyanya nimeshindwa. Zimefika sentimita 60, zimetoa maua, maua yanaanguka. Moli 12 hazitoshi, na hata nikiinua taa kufuata urefu wa mmea majani ya chini yanabaki gizani yanageuka njano yanadondoka. Ningehitaji karibu mara mbili ya taa nilizonazo kwa shelfu hiihii, na uniti mara mbili, kwa ajili ya nyanya chache. Hapana.

Umeme: wati 40 kwa masaa 14 ni uniti 0.56 kwa siku, 16.8 kwa siku thelathini, ukitoa ile wiki na nusu ya tamaa. Fedha, ukigawa kwenye mafungu, taa ya kwanza ambayo haitumiki imekula theluthi, fimbo mbili karibu nusu, taima ya pili na minyororo na trei ndo kilichobaki. Fundi nimemrudishia mita yake, kaichomeka kwanza mbele yangu kuhakikisha ni nzima.

Taa ya zambarau ipo kabatini kwa sasa. Nilifikiria kuiuza ila ningemwambiaje mnunuzi.

Nyanya mbili za mwisho amechukua dada, yeye ana kibaraza kinachopigwa jua toka asubuhi. Nafasi zao nimepanda letasi, trei ya tatu, sentimita 35, Jumatano nashusha.